Mfarishi Huu Tuupeleke Wapi?

Mwanafunzi mwenzangu, ukipita mbele ya kibanda cha fundi wa nguo katika soko lolote la huku kwetu, iwe Silibwet, Kapkatet au Litein, aghalabu utaona gunia la vipande mlangoni. Hayo ni mabaki ya sare za shule, ya suruali za kaki, ya mashati ya poplini, na mara mojamoja ya kitenge cha bibi arusi fulani. Mafundi wengi huyagawa bure yakajazwe kwenye mito ya makochi, au huyachoma. Mamangu ni fundi. Yeye na wenzake wanane hawavichomi vipande vyao. Huvikata, wakaviunganisha, na mwishowe wakashona mifarishi.

Neno mfarishi limo kamusini, ingawa wengi wetu husema tu "blanketi ya viraka". Mimi nitalishikilia neno hili, kwa sababu kiraka kwetu kina harufu ya umaskini, na kitu ninachokieleza si nguo iliyoraruka ikazibwa. Mfarishi una tabaka tatu. Juu ni vipande vilivyounganishwa kwa mpango. Katikati ni kijazio, ambacho kwa akina mama hawa ni blanketi kuukuu lililofuliwa likakauka barabara. Chini ni shuka au kitambaa kizima. Kisha tabaka zote hushikanishwa kwa mishono inayopenya toka juu hadi chini ili kijazio kisitembee, na ukingoni huzungushwa upindo. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kulala huku mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa kazi ya kitu kama hicho.

Swali lililonifanya nishike kalamu ni hili: kazi ikishakwisha, ipelekwe wapi ionekane? Najua si mama pekee mwenye swali hilo. Shuleni humu wamo wanaofuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, wamo ambao kogo zao hutia shanga kwenye vibuyu vya mursik, na wamo wachoraji wazuri ambao picha zao ziko chini ya godoro bwenini. Nitakayoeleza nimeyaona kupitia mfarishi, lakini kila mmoja ayapime kwa kazi ya mikono yake.

Chama cha akina mama hao kilikuwa na akiba ya shilingi 14,000, iliyochangwa kidogokidogo mwaka mzima. Pesa hizo zilitosha safari moja tu ya kupeleka kazi: kibanda, nauli, chakula na pahali pa kulala. Zikipotea, mwaka ufuatao hakuna uzi wala sindano za cherehani, na wawili kati yao walikuwa wanategemea chama hicho kwa karo. Mkutanoni kila mmoja alikuwa na lake. Huyu alisema twende maonyesho ya kilimo, kule ndiko kwenye watu wengi. Yule akasema Nairobi, huko wazungu hununua bila kuuliza. Mwingine akasema la, tubaki kanisani, Mungu atatubariki hapahapa. Kogo mmoja aliyekuwa kimya akauliza, "Nyinyi mnapachaguaje pahali ambapo hamjapaona?" Wote wakanyamaza. Basi ikaamuliwa kwamba kabla ya kutumia hata shilingi moja ya kibanda, watu wawili watangulie mikono mitupu, watazame, waje waeleze. Walimchagua shangazi yangu kwa sababu ana macho ya fundi, nami kwa sababu ninajua kuandika na ni likizo.

Hilo la kwenda mikono mitupu ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Ukienda maonyesho ukiwa na kazi yako kwapani, utatazama kazi yako tu. Utakuwa unangoja mnunuzi, unalinda mzigo, unaogopa mvua. Ukienda mtupu unaona watu. Unaona wanaingilia mlango gani, wanasimama wapi, wanafungua kibeti wapi.

Tulianzia maonyesho ya kilimo. Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho wengi tunakijua kwa herufi ASK, ni chama cha zamani. Kilianzishwa mwaka 1901, wakati wa walowezi, na maonyesho yake huzunguka nchini mwaka mzima: Eldoret, Nakuru, Kisumu, Mombasa, hadi yale makubwa ya Nairobi katika uwanja wa Jamhuri. Sisi wa Kericho na Bomet, Nakuru na Kisumu ziko karibu. Ukifika ndani ni furaha tupu. Kuna ng'ombe wamesuguliwa wakang'aa, kuna matrekta, kuna mbegu, kuna wanasarakasi, kuna vipaza sauti vinavyoshindana. Lakini hebu jiulize mtu amekuja kutazama nini. Amekuja kutazama ng'ombe. Mkulima aliyelipa kiingilio ana saa tano za kuzunguka uwanja mzima na watoto watatu wanaolia soda. Akifika kwenye hema la kazi za mikono, ambalo mara nyingi huwa pembeni, ashachoka.

Shangazi alipata wazo zuri. Tulisimama kando ya meza ya mama mmoja aliyeleta vitambaa na mablanketi ya kufuma, tukahesabu kwa saa nzima. Watu walipita kama mto. Waliosimama hawakufika arobaini, na wengi wao walisimama kwa kuwa mvua ilikuwa inanyunyiza. Mzee mmoja aliuliza bei ya blanketi. Alipotajiwa elfu nne, akacheka kwa upole: "Mama, hii ya duka naipata kwa elfu moja na mia mbili, na ina picha ya simba." Mama yule hakuwa na jibu. Wala mzee hakuwa mkorofi. Mahali pale palimfanya ailinganishe kazi ya mkono na blanketi ya duka, kwa kuwa vibanda viwili kutoka hapo ziliuzwa blanketi za duka.

Sitaki mtu adhani nayadharau maonyesho ya kilimo. Yana faida zake, na kubwa ni mashindano. Mahali kazi za nyumbani zinaposhindanishwa, kadi ya ushindi ikibandikwa juu ya kazi yako ni ushahidi unaoweza kuuonyesha kwa miaka mingi: kwa mkopeshaji, kwa ofisi ya kaunti, kwa duka linalotaka kujua wewe ni nani. Kwa hiyo, ukienda huko nenda kushindana, na kuuza iwe ni bahati. Ulizia mapema kuna mashindano gani, kazi hupokelewa siku gani, na nani anailinda usiku. Hilo la mwisho watu huona haya kuliuliza.

Sasa niseme kidogo kuhusu kutundika, maana hapa ndipo kazi nyingi nzuri hufa. Katika maonyesho fulani ambayo sitayataja, tuliona mfarishi mzuri ajabu, wa rangi ya maziwa na kahawia, umepigiliwa ukutani kwa misumari miwili pembeni. Katikati umelegea kama tumbo. Mishono ya juu imevutika mpaka nyuzi zinaonekana, na jua la dirishani linaupiga upande mmoja tangu asubuhi. Jua huchujusha rangi. Nguo yoyote ya buluu iliyosahauliwa kwenye kamba itakuambia. Shangazi alisimama pale akanyamaza kama aliyefika matangani.

Mwalimu wetu wa Sayansi Kimu, ambaye ameishi ng'ambo, alitueleza baadaye jinsi jambo hilo hufanywa. Kuna maonyesho makubwa ya mifarishi pekee, kama yale ya Houston huko Marekani, yaliyoanza miaka ya 1970, na yale ya Birmingham huko Uingereza. Kule mfarishi haupigwi msumari. Mshonaji mwenyewe hushona mrija wa kitambaa nyuma ya mfarishi, juu kabisa, wenye upana wa kama sentimita kumi. Ufito hupitishwa ndani ya mrija huo, ukashikwa pande zote mbili, na uzito ukagawanyika sawasawa. Wageni hawaruhusiwi kugusa. Akitaka kuona upande wa nyuma humwomba mtu maalum aliyevaa glavu nyeupe, naye huinua pembe taratibu. Waamuzi nao hutazama nyuma kama wanavyotazama mbele: je, mishono iko sawa? Je, kona za vipande zinakutana? Ukiutandaza unalala bapa au una mawimbi? Upindo umejaa au una sehemu tupu? Pembe nne ni mraba kweli?

Tulipomweleza mama hayo alichukua futi yake akaenda kupima ule mfarishi mkubwa wa chama. Upande mmoja ulizidi mwenzake kwa nusu inchi. Usiku huohuo upindo ulifumuliwa. Kila mfarishi unaoshonwa sasa una mrija nyuma, hata ule utakaolaliwa tu na mtoto, na kila mrija ni kitambaa cha bei rahisi ambacho hakuna atakayekiona.

Baada ya hapo tulikwenda Nairobi, shangazi akiwa na binamu huko wa kutulaza. Kutoka Bomet ziko njia mbili, na tulipitia Narok makusudi. Kuna watu huku kwetu husema, ati watalii wa Maasai Mara wanapita karibu nasi, basi tuweke kibanda barabarani Bomet. Si kweli. Mtalii anayetoka Nairobi kwa gari hukata kushoto hapo mbele kidogo ya Narok, akaelekea mbugani, muda mrefu kabla ya kufika Mulot. Anayesafiri kwa ndege ndogo hata barabara haioni. Nilihesabu magari ya watalii kutoka Mulot hadi Narok. Lilikuwa moja, tena lilikuwa limeharibika.

Nairobi kuna masoko ya Maasai Market, ambayo huhama mahali kwa mahali kulingana na siku ya juma. Lile la Ijumaa hufanyika Village Market, upande wa Gigiri, karibu na ofisi za Umoja wa Mataifa. Hapo kweli wapo wageni, na wanatazama kwa makini. Lakini chunguza wanabeba nini wakitoka: bangili, vikapu, vinyago vidogo, vitambaa vya meza. Mtu anayepanda ndege amepimiwa mzigo, aghalabu kilo 23. Mfarishi wa kitanda kikubwa uliojazwa blanketi humlia nafasi ya nguo zake zote. Atausifu, ataupiga picha, atanunua mkoba. Isitoshe, bei ya soko lile ni ya kukokotana. Anayeuza vitu ishirini anaweza kupunguza hiki akafidia na kile. Aliyekaa na kitu kimoja wiki tano atapunguza nini?

Tuligundua pia kwamba Nairobi hatukuwa wageni wa kwanza wa ushonaji huu. Kuna chama cha washonaji wa mifarishi kinachoitwa Kenya Quilt Guild, ambacho kimekuwa kikifanya maonyesho ya kazi za wanachama wake. Kuna pia Amani ya Juu, karakana iliyoanza mwaka 1996 ikiwa na wanawake wakimbizi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, ambao walijifunza kushona pamoja na hutengeneza mifarishi miongoni mwa kazi zao. Kwa hiyo yule anayesema "haya ni mambo ya wazungu" hajatembea. Pahali kama hapo pana jambo moja ambalo hatukuliona kwingine: watu wanaokuja wanajua wanatazama nini. Hawaulizi kwa nini bei si ya blanketi ya duka. Wanauliza umeunganisha vipi kona hii.

Macho yanayojua ni mali. Watu wa Lamu na Zanzibar watanielewa, kwa sababu kwao kofia iliyotobolewa na kushonwa kwa mkono hupimwa na kila mwanamume anayepita barazani. Anaitazama mara moja tu, anajua ni kazi ya miezi mingapi. Ipeleke kofia hiyohiyo sokoni Chepseon, uone kama haitaitwa "kofia nyeupe".

Hapo ndipo nilipoanza kutatizika, kwa maana mfarishi mkubwa wa chama si wa maua wala nyota. Umeshonwa kwa mabaki ya sare za shule. Kijani kibichi, maruni, buluu ya bahari, drafti nyeupe na nyekundu, kijivu. Nairobi tulionyesha picha yake kwa simu, na mama mmoja mwenye duka akasema, "Rangi zimetulia. Ninaweza kuuchukua kwa mali kauli." Maana yake uache kazi kwake, ikiuzwa mgawane, isipouzwa uje uichukue. Shangazi akauliza mgao ni kiasi gani, nani atalipa ukichafuka, na kama kutakuwa na karatasi. Mama yule alicheka akasema sisi wa Bomet tuna maswali mengi. Karatasi haikuwepo. Tukashukuru tukaondoka.

Maswali ya shangazi hayakuwa ya bure. Huko Alabama, Marekani, kuna kijiji kinachoitwa Gee's Bend, kwenye pindo la mto. Wakazi wake ni wazawa wa watumwa wa mashamba ya pamba. Wanawake wa huko walishona mifarishi kutokana na suruali na mashati ya kazi yaliyochakaa, kwa sababu nyumba zao zilikuwa na baridi, basi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha mwaka huohuo katika jumba la Whitney, New York, na wajuzi wa sanaa wakaisifu sawa na michoro ya wasanii mashuhuri. Mwaka 2006 ilitiwa kwenye stempu za posta za Marekani. Kitu kilichokuwa kitandani kikawa ukutani, na kutoka hapo jina la kijiji likaenea dunia nzima. Lakini mwaka 2007 baadhi ya washonaji walienda mahakamani wakidai hawakupata haki yao kutokana na mapato ya kazi hizo. Mwaka uliofuata kesi zilimalizwa kwa makubaliano. Jumba kubwa humwinua mtu. Karatasi ya makubaliano isomwe kabla ya kuinuliwa.

Kisa kingine ni cha tarehe 11 Oktoba 1987, mjini Washington. Watu waliofiwa na wapendwa wao kwa UKIMWI walishona vipande, kila kimoja na jina la marehemu, kila kimoja futi tatu kwa sita, takriban ukubwa wa kaburi. Siku hiyo vipande 1,920 vilitandazwa chini kwenye uwanja mkubwa ulio mbele ya bunge la Marekani. Havikutundikwa, havikushindanishwa, havikuuzwa. Watu walitembea katikati yake huku majina yakisomwa. Fikiria vipande hivyohivyo vingetandazwa kwenye maonyesho ya kilimo. Vingekuwa nguo tu. Mbele ya bunge vilikuwa swali kwa wenye mamlaka.

Nilipoyasoma hayo maktabani nikarudi kuutazama mfarishi wetu wa sare kwa jicho lingine. Nani anayeweza kuusoma? Yule wa Gigiri ataona rangi zilizotulia. Mtu wa huku ataona shule. Nililithibitisha hilo bila kupanga. Jumapili moja akina mama waliuanika kwenye kamba nje ya kanisa, ili upate hewa, wala haukuwa wa kuuzwa. Baada ya ibada watu walianza kusogea. "Hii maruni si ya wale wa kule juu?" "Hapana, ile yao ni nzito, hii ni ya zamani, kabla hawajabadilisha." Baba mmoja mchuma chai, mtu asiyezungumza sana, aliweka kidole juu ya kipande cha kijani akasema, "Hii nilivaa mimi darasa la saba. Nikaacha." Hakusema zaidi. Alisimama pale muda mrefu kuliko mtu yeyote tuliyemhesabu Nakuru.

Naam, hao ndio wasomaji wake. Ila wasomaji na wanunuzi si lazima wawe watu walewale, na tusidanganyane, akina mama wanahitaji pesa. Hapa kuna jambo ambalo mtu wa Nairobi hawezi kukufundisha, nalo ni kalenda ya chai. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwa viwanda vya KTDA hulipwa kiasi fulani kila mwezi, na pesa hizo huishia kwenye unga na vibarua. Mwaka wa hesabu hufungwa mwisho wa Juni, na malipo ya pili, tunayoyaita bonasi, huja kufikia Oktoba. Oktoba soko la hapa ni nchi nyingine kabisa. Mabati yananunuliwa, makochi yananunuliwa, ng'ombe anabadilishwa. Kibanda kilichokosa mteja mwezi wa Mei kinaweza kumaliza kila kitu Oktoba, mahali palepale, na bidhaa zilezile. Kwa hiyo mtu akiniuliza pahali pazuri pa kuonyesha kazi ni wapi, mimi humuuliza kwanza ni mwezi gani.

Na baada ya bonasi huja arusi na koito. Kwa mgeni niseme kwamba koito ni sherehe ya familia mbili kukubaliana mahari, na katika sherehe hizo blanketi na shuka hutolewa zawadi kwa akina mama na kogo. Zawadi haipelekwi kimyakimya. Hukunjuliwa, huinuliwa juu, huvishwa mabegani, na watu mia mbili wanatazama wakipiga vigelegele. Niambie ni ukumbi gani Nairobi utakaokupa hayo. Mfarishi ukivishwa kogo mmoja katika koito mwezi wa Desemba, kabla chakula hakijaisha watatu wameshauliza aliyeushona ni nani. Kibanda hukulipi, kiingilio hakuna, glavu nyeupe hakuna pia.

Kuhusu hali ya anga sitasema mengi, maana nyote mwaijua. Upepo kutoka ziwa Victoria hupanda milima yetu na adhuhuri ikipita mvua huanguka, tena mara nyingi ya mawe. Maonyesho yoyote ya nje yaishe saa saba. Yeyote anayekuambia turubai litatosha hajawahi kushinda Kericho alasiri.

Tulitoa ripoti yetu mbele ya chama, mimi nikisoma, shangazi akisahihisha. Mjadala ulikuwa mkali. Mama mmoja alisema tumewavunja moyo kuhusu Nairobi. Shangazi alimjibu kwamba Nairobi tutakwenda, lakini si na mfarishi wa kitanda: tutakwenda na mikoba na vitambaa vidogo vya ukutani, vyepesi, vyenye mrija nyuma, na mwanzo tutakwenda kujiunga na wanaojua. Wapate kuona mkono wetu kwanza. Akaafikiwa na saba. Mifarishi minne ya kawaida, ya kitenge na kaki, iliamuliwa ingoje Oktoba, wapewe habari wale wanaotayarisha koito. Kazi moja tu itapelekwa kwenye mashindano, kwa ajili ya kadi. Katika zile 14,000, zilitumika elfu tatu na mia nne kwa safari yetu ya kutazama, na nyingi ya zilizobaki zikanunua kijazio kipya na uzi.

Ule mkubwa wa sare hauuzwi kwa sasa. Wengine walitaka elfu nane waliyokuwa wameahidiwa na mtu mmoja. Mamangu alisema auze mwenye roho hiyo, na hakuna aliyejitokeza. Uongozi wa shule umekubali utundikwe siku ya wazazi, ukumbini, ukuta wa upande wa jikoni ambao haupigwi na jua. Ufito umekwisha kuchongwa na ndugu yangu. Kando yake tutaweka daftari na kalamu, na kila mgeni anayeitambua sare yake ataandika jina la shule na mwaka aliomaliza au aliouacha. Tafadhali nawa mikono kabla ya kuja, hasa wale mtakaotoka moja kwa moja kwenye mandazi.